Herufi S ya Mumias

Stendi ya Kakamega, saa moja asubuhi. Makanga anagonga bodi la matatu kwa kiganja: "Mumias! Mumias wawili wa haraka!" Nimelisikia jina hilo tangu utotoni, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kuishangaa herufi yake ya mwisho. Kiluyia hakifungi neno kwa konsonanti. Nabongo, yaani mfalme wa Wanga, aliyeachia mji huo jina lake aliitwa Mumia, mwana wa Shiundu. Hakuitwa Mumias hata siku moja. Basi hiyo S ni ya nani?

Jibu la kwanza ni la sarufi, na ni jepesi. Ni alama ya umiliki ya Kiingereza. Wageni waliandika "ya Mumia" kwa lugha yao, wakaweka alama ya juu na herufi S. Alama ikapotea, S ikabaki. Machakos ilipata S yake hivyo hivyo, kutoka kwa mzee Masaku. Lakini kabla ya Waingereza, mahali hapa palikuwa na jina jingine kwenye midomo ya wasafiri, na jina hilo lilikuwa la Kiswahili kitupu. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita hapa mwishoni mwa 1883 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1885, aliandika "Kwa Sundu". Sundu ndiye Shiundu. Alikuwa ameshafariki, mwanawe ameshika kiti, lakini misafara iliendelea kumtaja baba. Kwa Sundu, kisha ya Mumia: sarufi ni ile ile, lugha imebadilika. Je, lugha ya wageni ilipobadilika, ni mwenyeji aliyegeuka au ni wageni tu waliopokezana?

Nilipanda matatu ile nikiwa na swali hilo na daftari tupu. Si mwendo mrefu. Kilomita thelathini na kitu, Makunga, Shianda, Ekero, miwa pande zote. Abiria mwenzangu, mama mwenye kikapu cha mboga, aliniuliza naenda kwa nani. Nikamwambia naenda kwa Mumia. Akacheka. "Huyo alishakufa, mwanangu." Najua alikufa: Aprili 1949. Vitabu vinakubaliana kwa hilo. Havikubaliani alizaliwa lini. Vingine husema 1852, vingine 1849, na hapo mtu hutimiza miaka mia kamili. Mimi huogopa hesabu zinazotimia vizuri kiasi hicho. Kama umri wenyewe umenyooshwa, ni nini kingine kilichonyooshwa?

Nilianzia Matungu, kwenye kituo cha utamaduni cha Nabongo, karibu na makaburi ya wafalme. Mzee aliyenipokea alinieleza kwa utulivu wa mtu aliyelisimulia jambo mara mia. Ukoo unaotawala ni Abashitsetse. Mfalme huvaa bangili ya shaba, omukasa, na aliye nayo ndiye Nabongo. Akasimulia safari ya mababu kutoka upande wa Uganda, kupitia Tiriki. Kisha akanyoosha mkono mashariki, akaurudisha magharibi. "Ufalme huu ulianza Naivasha ukaishia Buganda," akasema. Niliandika. Lakini kalamu ilisita. Kati ya hapa na Naivasha walikuwapo Wanandi, na misafara yenye mamia ya wapagazi na bunduki iliwaogopa Wanandi kuliko simba. Hao walikuwa raia wa nani?

Swali hili lilinisumbua wiki nzima. Nikaenda Nairobi, nikakaa na nyaraka za utawala. Faili moja niliyoitafuta ilikuwa na jalada zuri na ndani hamna kitu. Nyingine niliambiwa imehamishwa. Ilikohamia hakuna aliyejua. Nilichopata hakikuwa kwenye faili za Wanga kabisa. Kilikuwa kwenye ramani. Hadi mwanzoni mwa 1902, nchi hii yote ilikuwa Mkoa wa Mashariki wa Himaya ya Uganda, na mkoa huo ulifika Naivasha. Tarehe 1 Aprili 1902 ukakatwa na kutiwa katika Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ndiyo Kenya. Mkoa ambao upande mmoja unagusa Naivasha na upande mwingine unaelekea Buganda, na Mumias kituo chake kikubwa huku magharibi! Siwezi kuapa, ila nashuku mzee wa Matungu alinipa mpaka wa Waingereza akidhani ni wa mababu. Kama mpaka wa ofisi umeingia kwenye simulizi ya ukoo, basi ni kipi kilichokuwapo kabla ya ofisi?

Hapo ikabidi nirudi nyuma, kwa Shiundu. Na kwa nafaka, maana historia nyingi za wafalme huanzia ghalani. Msafara uliotoka Pangani au Mombasa ulipita Baringo, ukapumzika kwa Njemps, kisha ukapanda uwanda wa Uasin Gishu. Uwanda huo ulikuwa mtupu. Wamaasai wa Uasin Gishu walikuwa wamevunjwa na vita vya wao kwa wao na vya majirani, wametawanyika. Siku kadhaa za nyasi, baridi na njaa. Ukishuka ng'ambo ya pili ndipo unapokuta mashamba: mtama, wimbi, kuku, samli. Mahali pa kwanza penye chakula cha kuuza na mtu mmoja wa kuzungumza naye palikuwa kwa Shiundu. Waswahili walileta nguo, shanga na waya, wakaondoka na pembe za ndovu za upande wa mlima Elgon. Hawakuleta bidhaa peke yake. Walileta bunduki, na bunduki ilikuwa na bei gani?

Bei ilikuwa maadui wa pamoja. Wabukusu wa kaskazini waligombana na misafara, misafara ikawashambulia, na Wanga wakajikuta upande wa wenye baruti. Kusini na magharibi Wajaluo wa Ugenya walikuwa wakiwasukuma Wanga wenyewe, kijiji baada ya kijiji. Shiundu hakuwa na jeshi la kutosha kwa pande zote hizo. Ndiyo sababu, hata kabla Waswahili hawajazoeleka, aliwapokea wale wakimbizi wa Kimaasai kutoka Uasin Gishu, akawapa mahali pa kukaa, nao wakampa mikuki. Soma polepole hapa. Mfalme wa Wanga alikuwa ameshazoea kupigana kwa mikono ya wageni miaka mingi kabla Mwingereza wa kwanza hajaoga kwenye Nzoia. Sasa yule kijana anayesemwa kwamba alileta wageni, alileta nini ambacho baba yake hakuwa nacho?

Nilipofika mjini Mumias nilipita mtaa wa msikiti. Uislamu uliingia kwenye ukoo wa mfalme kupitia misafara hiyo, na bado upo. Adhana ya adhuhuri ilinikuta pale pale. Fundi cherehani mmoja aliniambia Kiswahili cha hapa ni cha zamani kuliko cha Kakamega. Nilitaka kubisha. Nikakumbuka kwamba Boma la Kakamega halikuwa lolote wakati watu wa pwani, akina Juma Kimameta wa Pangani na wenzake, wanaongoza misafara ya bara. Nikanyamaza. Ila sikuacha kujiuliza: kama urafiki na Waswahili uliacha msikiti, lugha na wajukuu, kwa nini herufi iliyobaki kwenye jina la mji si yao?

Nilijaribu njia ya kaburi. Askofu James Hannington alipita hapa mwaka 1885 akielekea Buganda, akauawa Busoga mwezi Oktoba mwaka huo. Mabaki yake yaliletwa kwa Mumia, yakahifadhiwa, hadi yalipochukuliwa na kuzikwa Namirembe mwishoni mwa 1892. Nilidhani palipowekwa mifupa ya askofu patanionyesha palipokuwa boma la zamani, Elureko. Vijana wawili wa boda boda walinizungusha saa tatu. Mmoja alinionyesha mti. Mwingine akanionyesha mti mwingine. Nikawalipa wote wawili. Njia ilifungwa hapo, lakini haikunirudisha mikono mitupu: watu walionusurika kwenye msafara ulioangamia walijua pa kukimbilia. Kwa nini mahali padogo hivi paliaminiwa na watu waliotoka mbali hivyo?

Kwa sababu palikuwa mlangoni. Mwaka 1889 Frederick Jackson alifika na msafara wa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Akaacha kambi kwa Mumia, akaenda Elgon kuwinda ndovu na kutazama nchi. Mapema 1890 akafika Mjerumani Carl Peters, akazikuta barua za Jackson, akazisoma, akajua Kabaka Mwanga anaomba msaada, akatangulia Buganda mbio. Kisa hiki huwachekesha sana watu wa historia za Ulaya. Mimi nilichokitazama ni yule mwenyeji. Wajerumani na Waingereza wanapishana uani kwake, Waswahili bado wanauza bunduki, na Ugenya bado wapo ng'ambo. Hakuna aliyemwambia kwamba mwezi Julai mwaka huo huo Ulaya itagawana nchi kwa mkataba, na Uganda iangukie upande wa Waingereza. Angechagua vipi kati ya wageni ambao walikuwa wameshachaguliwa na wenzao?

Mwaka 1894 kituo cha serikali ya Uganda kikafunguliwa kwake. Mwaka uliofuata akaja ofisa Charles William Hobley. Barabara ya Sclater, ile ya magari ya ng'ombe kutoka Kibwezi hadi ziwani, ikapita hapo hapo. Na mwaka 1895 ndipo penye donda ambalo halijafunga. Bunduki zilikuwa zimeingia kwa Wabukusu kupitia watoro na wachuuzi wa misafara. Kikosi kilichotumwa kuzidai kikauawa karibu chote. Likafuata jeshi: askari wa Kisudani, Waganda, Wamaasai na watu wa Wanga, pamoja na bunduki ya Maxim. Ngome ya Lumboka ikaanguka. Kisha Chetambe. Nimesimama juu ya kilima cha Chetambe, hapo Webuye, nikaona handaki la ngome lilivyofifia kwenye majani. Mlinzi mmoja wa jirani, Mbukusu, alisikia nilikotoka akaniuliza bila salamu: "Kwa Mumia bado mnasherehekea?" Mimi si wa kwa Mumia. Lakini ningemjibu nini?

Ningeweza kumjibu kwa neno ambalo vitabu vingi vya shule hulitumia: kushirikiana na wakoloni. Au kwa lile kali la barazani: msaliti. Nimelipima neno hilo kwa muda mrefu. Usaliti huhitaji kwanza umoja wa kusalitiwa. Mwaka 1895 hapakuwa na Mluyia. Jina hilo lilianza kushika katika miaka ya 1930 na 1940. Kabla yake misafara ilituita sote Wakavirondo, na sisi wenyewe tulikuwa Wamarama, Wakabras, Waisukha, Wabukusu, Wanga. Tena Wanga nao hawakuwa kitu kimoja. Wanga Mukulu, ndugu wa damu, walikuwa na mfalme wao na hawakumtambua Nabongo wa Elureko. Kwa mizani hiyo Mumia hakumsaliti mwenzake, alimpiga jirani. Je, aliyepigwa hulala vizuri zaidi akielezwa hivyo?

Hapa nitachepuka kidogo. Nilikuwa nikinunua betri ya tochi kwa mzee mmoja mwenye asili ya Bara Hindi, duka la tangu enzi za babu yake. Nikamsimulia ninachotafuta. Akapangusa miwani. "Hiyo ni Amber na Mewar," akasema, kana kwamba ni vijiji vya jirani. Mwaka 1562, Raja Bharmal wa Amber, mfalme mdogo wa Kirajput aliyezongwa na ndugu zake na majirani, alimwoza binti yake kwa Akbar, mfalme wa Wamughali. Ukoo wake ukapanda, wanawe wakawa majemadari. Mewar wakakataa. Mwaka 1576, kwenye njia nyembamba ya Haldighati, Rana Pratap wa Mewar alipigana na jeshi la Akbar, na aliyeliongoza jeshi hilo alikuwa Man Singh wa Amber, Mrajput mwenzake. "Na nani mwema?" nikamuuliza. Akacheka mpaka akakohoa. Alisema huko kwao Pratap hutungiwa nyimbo na Amber hutembelewa na watalii, maana ngome zake zilibaki nzima. Chetambe ina nyimbo. Elureko ina mji. Je, hiyo ndiyo hesabu yenyewe, nyimbo kwa mmoja na majengo kwa mwingine?

Karibu niitie saini hesabu hiyo. Ila mfano wa Amber unavunjika mahali pamoja, na hapo ndipo penye kisa chote. Akbar aliuweka ukoo wa Amber ndani ya jumba lake. Wakawa sehemu ya dola. Mumia hakuwekwa ndani ya jumba la mtu. Mwaka 1909 alitangazwa Chifu Mkuu wa Kavirondo ya Kaskazini, juu ya watu ambao baba yake hakuwahi kuwatawala. Ndugu zake wakapelekwa kuwatawala wengine: Mulama kwa Wamarama, Murunga kwa Wabukusu wa Kimilili. Ufalme haukuwahi kuwa mkubwa hivyo. Lakini kila kilomita iliyoongezeka ililindwa na askari wasio wake. Wamaasai wa Shiundu walikuwa wakimbizi, walihitaji ardhi yake. Waswahili walihitaji unga wake. Wageni hawa wa tatu walihitaji nini ambacho angeweza kuwanyima?

Desemba 1901 reli ilifika Kisumu. Nadhani huo ndio mwezi aliopoteza ufalme, ingawa cheo kikubwa kilikuwa bado hakijaja. Hakuna tena msafara wa kushuka kutoka uwandani ukiwa na njaa. Hakuna unga wa kuuza kwa bei ya mlangoni, kwa sababu mlango ulihamishwa. Mwaka 1920 makao makuu ya wilaya nayo yakahamishwa kutoka Mumias hadi Kakamega. Mwaka 1926 Nabongo akastaafishwa kama karani. Watu wa maeneo mengine walikuwa wameshaanza kudai machifu wa damu yao wenyewe, na katika miaka ya 1930 madai hayo yakazidi kelele. Kwa nini basi simulizi za ufalme wa Naivasha hadi Buganda zilizidi kunenepa wakati ufalme wenyewe unakonda?

Nilirudi kwenye maandishi nikiwa na swali hilo, na nikatazama tarehe kuliko maneno. Maelezo marefu ya kwanza ya historia ya Wanga yaliyochapishwa kitaalamu ni ya ofisa Kenneth Dundas, na yalitoka 1913. Hiyo ni miaka 4 baada ya tangazo la 1909. Vitabu vikubwa vya historia ya Waluyia vilifuata katika miaka ya 1960, vikakusanya mengi zaidi kutoka koo nyingi, lakini mti wa wafalme ulikuwa umeshapandwa. Ofisa anauliza: nani alitawala hapa? Anayejibu ni nyumba ambayo serikali ile ile imeipa cheo. Sisemi kwamba walidanganya. Mtu akikuuliza urefu wa shamba lako siku unayopewa hati, mguu wako wa kupimia hurefuka wenyewe. Ila je, yule wa Wanga Mukulu, aliyepakana na shamba hilo, aliulizwa siku gani?

Hukumu yangu ni hii, na ninaitoa nikijua inaweza kupinduliwa na karatasi moja. Mumia hakuwa mfalme wa Waluyia wote, wala hakuwa mtu aliyewauza. Alirithi kazi ya baba yake: kukaa mlangoni, kumlisha mgeni, kumkopa silaha, na kumtumia dhidi ya jirani wa karibu. Mgeni wa kwanza alikaa akawa mwenyeji. Wa pili aliacha lugha na swala. Wa tatu alikuja na daftari, akaandika jina la mwenye nyumba, akaongeza herufi yake mwishoni, kisha akahamia kwingine.

Nimebakiwa na ombi. Wewe msomaji wa Wanga Mukulu, wa Marama, wa Kabras, wa Ugenya, wa Kimilili: kama nyumbani kwenu lipo sanduku la babu lenye barua, risiti za kodi au orodha ya mababu iliyoandikwa kwa penseli, usiitupe wala usiwashie jiko. Ipige picha, iandike tarehe, na mkalishe aliye mzee kuliko wote akuelezee kilichomo wakati bado anaweza. Upande wa Elureko tunao tangu 1913. Wa kwenu bado uko masandukuni.